Kaleta grinda kwenye boti yenye petroli, halafu ananiambia "ushapata wajukuu, unaogopa nini?"

Mzee wa Nalubaale

Ndugu zangu, naandika mikono ikitetemeka na shati bado linanuka petroli. Sitamtaja. Nyote mnaopita mwalo wetu huu wa upande wa Entebbe mnamjua: kofia ya sufu jua likiwaka, redio shingoni, kila kazi kwake ni "ya dakika tano". Leo asubuhi kanitukana mbele ya mkwe wangu. Mbele ya MKWE, mume wa binti yangu wa kwanza, katoka Jinja kututembelea, mara ya pili tu tangu harusi.

Boti yangu ni ya fibagilasi, ya mwaka 1994, tangi la alumini limezikwa chini ya sakafu, lita 120. Wiki mbili nzima nikifungua ngama, kule chini kabisa ya boti maji yanakokusanyika, harufu inanipiga kofi. Juzi nikaona maji ya humo yanang'aa rangi rangi kama shingo ya njiwa. Basi, tangi limetoboka, halina mjadala. Nikamwita.

Nikamweleza taratibu, kwa adabu, mkwe akisikia. Betri itoke kwanza, ipande nchi kavu. Petroli tuinyonye kwa pampu ya mkono, majerikeni yawe yamekaa chini kwenye mchanga, yasijaziwe ndani ya boti. Vifuniko vibaki wazi upepo upite hata kutwa nzima. Ndipo tuguse sakafu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, jamani! Haupandi ukaenda zake kama moshi wa kuni. Unashuka, unalala kwenye ngama, unangoja cheche moja tu. Akaitikia: "Sawa mzee, sawa mzee."

Nikaenda na mkwe kununua chapati. Tunarudi, kavuta waya wa umeme kutoka kibanda cha kuchaji simu, kapiga magoti juu ya sakafu yangu, GRINDA mkononi. Tangi lina lita arobaini. Betri iko palepale na waya zake zote. Sigara mdomoni, inafuka!

Nilipiga ukelele uliosikika visiwa vyote 84 vya Ssese. Makalooli, wale korongo wakubwa wa jalalani, waliruka wakaenda kutua Tanzania. Yeye hata bega halikutikisika. Kageuka polepole, kaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, akasema:

"Mzee, wewe ushapata wajukuu. Unaogopa nini?"

Mbele ya baba wa hao wajukuu!

Na alikuwa ameshapanga kulichomelea tangi lilelile! Tangi lililokaa na petroli miaka thelathini, hata ulikaushe wiki, mvuke umejibanza kwenye pembe na nyuma ya kuta za ndani. Ukilipelekea moto hilo ni bomu. Halafu ukichomelea, umeponya nini? Povu lililoshindiliwa kando yake limenyonya maji miaka yote hiyo, ndilo linaloila alumini kutokea nje. Kitakachotoboka kesho ni sentimita mbili kando ya kiraka. Lazima liwe jipya, lipimwe kwa hewa kidogo na maji ya sabuni kabla halijashuka, na likikaa chini maji yapate pa kutokea.

Na mipira je? Alikuja na mpira wa kumwagilia bustani. Wa KIJANI. Ndio apitishie petroli. Huo petroli inaulainisha mpaka unakuwa kama utumbo wa kuku. Klipu alileta moja, na yenyewe ina kutu. Mdomo wa kujazia unataka klipu mbili, na mpira ulioandikwa ubavuni kwamba ni wa mafuta ya boti.

Lakini nasema, grinda ningesamehe. Sigara ningesamehe. Mpira wa kijani ningeurudisha kwenye bustani yake. "Ushapata wajukuu"? Yaani mtu akishapata wajukuu anakuwa kuni? Mkwe wangu kainamisha macho, chapati mkononi, hajui acheke au alie. Nina miaka 58!

Binti wa Masese

Pole sana mzee wangu. Shikamoo kwanza. Huyo huyo mwenye redio ndiye aliyenifungia gia za injini. Nikitaka mbele inakwenda nyuma. Nilitoka Masese kinyumenyume abiria wakidhani ni heshima kwa nchi kavu.

Kapteni Jerikeni

Mzee swali dogo. Umemwacha mtu unayemjua hivyo, peke yake, na lita arobaini, ukafuata chapati? Zilikuwa ngapi?

Mzee wa Nalubaale

Tatu. Chapati si hoja! Hoja ni aliyoyasema mbele ya mkwe!

Kapteni Jerikeni

Watu wawili chapati tatu. Mkwe ndio maana aliinamisha macho.

Nahodha wa Ntoroko

Hizo ni shida za wenye boti za kifahari. Huku Ziwa Albert tangi liko juu, mpira, injini, kwisha. Likivuja unaliona kwa macho. Nani aliwatuma mzike petroli chini ya sakafu kama maiti?

Binti wa Masese

Banange, msijisifu. Huko kwenu nimeona mtu anamimina petroli kutoka jerikeni katikati ya ziwa, injini bado ya moto, abiria wamekaa juu ya majerikeni mengine. Wa fibagilasi angalau anasikia harufu akaogopa.

Fundi Mnyonge

Mimi ni fundi, na huyo mnayemsema simtetei, grinda pale ni wazimu. Mzee, ukishapata tangi jipya usisahau waya wa kuunganisha mdomo wa chuma wa kujazia na tangi, ule unaondoa umeme tuli wakati wa kujaza. Na bomba la kupumulia litoke nje ya ubavu, lisiishie ndani. Feni ya ngama iwe ile ya boti isiyotoa cheche, iwashe dakika nne kabla ya injini, halafu fungua unuse. Ukisikia harufu, usiwashe kitu.

Ila na nyie wateja mna mambo. Namwambia mtu klipu za chuma kisichoshika kutu, anasema "funga na mpira wa tyubu, Mungu yupo". Kazi ya siku tatu analipa elfu thelathini na samaki mmoja. Juzi nilipewa samaki hana kichwa! Kichwa kiko wapi?

Kapteni Jerikeni

Kichwa kimeliwa na mkwe.

Mama Mukene

Nyie mnacheka, mimi nalia. Kuna mwenye boti, naye simtaji, kanibebea magunia matatu ya mukene, dagaa wetu wa ziwani, juu ya sakafu ya boti inayovuja hivyo hivyo. Nimefika sokoni mukene wote unanuka kituo cha mafuta. Paka kanusa akakimbia. Wateja wamenirudishia. Nani analipa?

Nahodha wa Ntoroko

Mukene wa kilo ngapi gunia?

Mama Mukene

Gunia limejaa shingoni. Ule mkavu, mzuri. Wa kuanikwa mchangani sikuutaka, huu ulianikwa juu ya nyavu.

Binti wa Masese

Mama hapo hakuna cha kusamehe, mdai nusu kwa nusu mbele ya mwenyekiti wa mwalo.

Mzee wa Nalubaale

Jamani tulikuwa kwenye wajukuu. Na kofia yake kaiacha kwenye boti yangu, nimeitundika kwenye mti, aje aichukue akiwa na maneno mengine.

Msafiri wa Bukakata

Samahani nimechelewa. Hilo tangi la zamani mzee unauza? Nataka nikinge maji ya mvua.

Fundi Mnyonge

WE! Usinywe hayo maji!

Msafiri wa Bukakata

Ni ya ng'ombe.

Mama Mukene

Ng'ombe naye ana kosa gani? Na hajajibiwa bado mtu hapa: magunia yangu matatu, ni nani analipa?