Waacheni wagonjwa na dini zao! Wodini si pahala pa kusilimisha wala kuokoa watu

Assalaam alaykum kwa wenye kuitikia, na wengine nyote hamjambo.

Nina jambo limenikaa kooni na leo nalitoa. Hapa Unguja kuna watu wanapita wodini kuwawinda wagonjwa kwa ajili ya dini. Nawasema wa pande zote mbili, asije mtu akanambia namtetea huyu namponda yule. Mie ni Muislamu, mtoto wa Muislamu, nimekaa chuoni mpaka nikahitimu msahafu, na hasira zangu kubwa ni kwa Waislamu wenzangu, kwa sababu sisi ndio wengi hapa na mwenye wingi ndiye mwenye nguvu ya kumuonea mwenzake.

Mama yangu kapata kiharusi. Upande wa kulia wote haufanyi kazi na maneno hayamtoki. Hospitali siitaji, na wala tatizo si la hospitali moja. Mie ndiye ninayemuuguza, kwa hiyo niliyoyaona nimeyaona kwa macho yangu.

Kitanda cha pili yake kalazwa dada mmoja mtu wa bara, anafanya kazi ya usafi kwenye hoteli upande wa Paje. Kapasuliwa tumbo. Hana ndugu hapa kisiwani. Wenzake wa kazini wanakuja wakipata ruhusa, na ruhusa zenyewe za hoteli mnazijua. Uji nikimpikia mama namtia na yeye kikombe. Hajawahi kuniuliza mie dini gani, na mie sikumuuliza.

Wakaja kina mama wa kikundi kimoja cha kuzuru wagonjwa. Wana mifuko ya machungwa na maboksi ya juisi, wanapita kitanda kwa kitanda, wanasoma dua, wanaacha mfuko juu ya kabati la mgonjwa. Mpaka hapo nawaombea kheri, kumzuru mgonjwa ni sunna kubwa. Wakamfikia mama, wakamuombea, nikaitikia amin kwa moyo wangu wote. Wakenda kwa yule dada, wakamuwekea mfuko wake, mkubwa wao akamuuliza jina. Akalitaja.

Hapo mambo yakabadilika. Bibi yule akakaa juu ya kitanda, kiti kipo pembeni na hakukitaka, akamshika mkono usio na dripu akaukamata. "Mwanangu, ukifa usiku huu na hali hii utamjibu nini Mola wako?" Haya anaambiwa mtu ambaye mshono wake haujakauka! Yule dada akamjibu kwa adabu, sauti ndogo: "Mama, mimi nina dini yangu, ahsante." Jawabu hilo halikutosha? Mmoja akasema kajibu vile kwa kuwa hajaelimishwa. Mwengine akamwambia atamke tu shahada, tamko la kuingia Uislamu, ni maneno machache, wao watamsimamia, dawa watamnunulia, na akitoka watamtafutia pa kukaa. Kisha wakaanza kumtamkisha, neno baada ya neno, wanamngojea arudie. Machozi yanamtoka na hana wa kumfuta, mkono mmoja una sindano na mwengine umeshikwa.

Nikainuka. Nikasema, "Shikamoo bi mkubwa, mgonjwa kachoka, mwacheni apumzike." Nikaulizwa kama mie ni Muislamu kweli, na vipi namzuilia mwenzangu kuingia peponi. Walipoona hapatikani kitu wakaondoka. Na walipoondoka, mmoja wao akarudi nyuma, akautwaa ule mfuko wa machungwa juu ya kabati la yule dada, akaupeleka kitanda cha mbele.

Jamani! Machungwa!

Ule mfuko ndio ulioniharibia usingizi. Maneno ningeweza kusema labda ni mapenzi yaliyokosa adabu. Lakini kumnyang'anya mgonjwa matunda kwa sababu hakutamka shahada, hiyo ni sadaka gani? Nendeni mkasome Al-Baqara aya ya 272, si juu yako kuwaongoa, bali Mwenyezi Mungu humuongoa amtakaye. Na wenye tafsiri wametueleza aya hiyo imekuja kwa sababu gani: walikuwapo Waislamu waliozuia mikono yao kuwapa jamaa zao washirikina, wakitaraji watasilimu. Wakaambiwa toeni, kuongoka kwa mtu si kazi yenu. Yaani kisa chenu nyie kina mama kimeshushiwa aya miaka elfu na zaidi iliyopita, na bado mnafanya kile kile kilichokatazwa. Na sura ya Al-Insan aya ya 8 na ya 9, wale wanaosifiwa wanamlisha masikini, yatima na mateka, na wanasema hawataki malipo wala shukurani. Mateka wa wakati ule alikuwa nani kama si asiyekuwa Muislamu? Alilishwa. Hakuambiwa tamka kwanza.

Sasa nije upande wa pili, na ndugu zangu Wakristo msikimbie.

Siku nyengine, saa za kuangalia wagonjwa, akaja mwanamme kavaa suti, Biblia mkononi, kaja kumuombea yule dada. Haki yake, na mgonjwa mwenyewe alimpokea. Mie nikatoka kwenda kutia maji ya moto kwenye chupa. Kurudi, nimemkuta kasimama kwenye kitanda cha mama yangu, mkono kaubandika kichwani kwake juu ya mtandio, anapiga kelele wodi nzima inasikia, anamkemea pepo wa kiharusi amtoke. Mama hawezi kusema. Lakini mkono wake wa kushoto unafanya kazi, na kwa mkono huo alikuwa anahangaika kuutoa mkono wa yule mtu kichwani kwake, na yule mtu kafumba macho hata haoni.

Mwanamme asiyemjua, kamshika kichwa mwanamke mtu mzima, mgonjwa, bila ya idhini, na tasbihi yake ipo pale pale juu ya mto. Nilimtoa kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Akanambia eti kasukumwa na roho amuombee. Baadaye naupanga mto nakuta karatasi chini yake, mwaliko wa mkutano wa uponyaji. Kamuekea mtu asiyeweza hata kuishika hiyo karatasi.

Na aliyeniomba radhi ni nani? Yule dada. Kalala na mshono wake ananambia, "Samahani dada, mimi sikumtuma afanye vile." Bibi wa machungwa hakumuomba radhi yeye, na yule bwana wa suti hakuniomba mie. Wagonjwa na wauguzaji tunaombana radhi kwa makosa ya watu waliokuja wazima na wakaondoka wazima, wamefurahi kwamba wamefanya kazi ya Mungu.

Nikamwambia nesi wa zamu. Jawabu lake: "Ndio kawaida yao, tumeshawazoea." Umezoea wewe unayerudi kwenu jioni! Mgonjwa hazoei, mgonjwa hawezi kunyanyuka akaondoka.

Kuna watakaosema Zanzibar ni nchi ya Kiislamu na mgeni avumilie. Nani kakwambieni kuwa uvumilivu ulikuwa wa upande mmoja? Seyyid Barghash, sultani wetu wa zamani, alikuwa Ibadhi, madhehebu ya Kiislamu yasiyo ya Sunni wala ya Shia, na wengi wa raia zake walikuwa Sunni wa madhehebu ya Shafi. Masultani waliweka kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisunni, kila mtu akahukumiwa kwa madhehebu yake. Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, kanisa la Waanglikana likajengwa pale pale, na lipo mpaka leo. Pita Mji Mkongwe, hatua chache tu kuna misikiti, mabohora, Mashia wenye asili ya Kihindi, wana msikiti wao, Wahindu wana hekalu lao Hurumzi, Wakatoliki wana minara yao miwili inaonekana ukiwa baharini. Wote hao walizaliana na kuzikana hapa bila ya kushikana mikono kwa nguvu.

Nyumbani kwetu wenyewe, babu alikuwa Ibadhi mtu wa Wete, bibi Shafi wa Unguja. Babu akisali kaiachia mikono, bibi kaifunga. Alfajiri bibi analeta kunuti, ile dua ya ndani ya sala, babu haleti. Wakiswali chumba kimoja na sikuwahi kumsikia mmoja akimwambia mwenziwe kuwa sala yake haifai. Leo kijana katazama video mbili tatu za masheikh wa simu anakwambia maulidi ya wazee wako ni upotofu, na anakwambia hivyo matangani, sahani ya pilau anayo mkononi.

Na tusijifanye hatujui mambo haya yakiachwa yanafika wapi. Mei 2012 makanisa yalichomwa moto hapa. Novemba mwaka huo huo Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, akamwagiwa tindikali. Februari 2013 Padri Evarist Mushi akapigwa risasi asubuhi ya Jumapili anakwenda kusalisha misa. Sisemi kina mama wa machungwa ndio waliofanya hayo, hasha. Nasema mtu akishazoea kumuona mwenzake kuwa hana thamani mpaka awe wa dini yake, hapo pameshaharibika, na hatujui atakayekuja kumalizia ni nani.

Sasa wale ambao nnajua mnaandika chini huko: "Da'wa, yaani kulingania watu kwenye dini, ni wajibu." Sawa, na mtaniletea na hadithi ya yule kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume (s.a.w), akaugua, Mtume akenda kumtazama, akamwambia asilimu. Naijua, imo kwa Bukhari. Isomeni mpaka mwisho. Kijana yule alikuwa mtumishi wake, wanajuana. Baba yake alikuwapo pale pale, kijana akamtazama babake, na baba ndiye aliyemwambia amtii. Hakushikwa mkono, hakuahidiwa dawa, hakutishwa kwa kifo chake, na baba hakufukuzwa chumbani. Nyie mnamvamia mtu msiyemjua, yuko peke yake, nusu ya akili yake imo kwenye maumivu, halafu mnajifananisha na Mtume? Muogopeni Mungu. Aya ya kulingania inasema kwa hikima na mawaidha mema. Hikima ipi ya kumliza mtu aliyeshonwa tumbo?

Na nyie wa upande wa pili mtasema mmeagizwa mwende ulimwenguni kote. Kitabu hicho hicho katika Mathayo 25 kinasema nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama. Kunitazama. Basi mtazameni, mumpe pole, mwende zenu.

Anayetaka kujadili dini pahala papo, na pamekuwapo siku zote. Kanoni Godfrey Dale wa UMCA, misheni ya Waanglikana, alitoa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, Waislamu hawakuiridhia, na Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mtoto wa Unguja, akatoa yake kamili mwaka 1969. Huko ndiko kushindana. Mtu anaandika, mwengine anaandika, msomaji anafungua kitabu kwa hiari yake na anakifunga akitaka. Darsa zipo misikitini, mahubiri yapo makanisani, mlango uko wazi kuingia na kutoka.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, na inasema kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu binafsi. Hiari. Mgonjwa aliyefungwa dripu hiari yake iko wapi wakati nyie watano mmemzunguka?

Nnachotaka si kikubwa. Anayekuja kumuombea mgonjwa amuulize kwanza mgonjwa mwenyewe, na kama hawezi kusema aulizwe muuguzaji wake. Akisema hapana, iwe hapana ya mara moja. Vikundi visipite vitandani bila ya ruhusa ya matroni, na matroni ajue ni nani na wamekuja kufanya nini. Chakula na dawa zisifungamanishwe na dini ya mtu, hata kwa kudokeza. Na Ofisi ya Mufti na maaskofu waliseme hili hadharani, kila mmoja kwa watu wake, maana mie nikisema naambiwa nazuia kheri, lakini wao watasikilizwa.

Barua nimeshaiandika, Jumatatu naipeleka kwa matroni na nakala kwa daktari mkuu. Yule dada nimemsomea, kaniruhusu kisa chake kiwemo bila ya jina. Wenye wagonjwa wao waliofanyiwa haya, Unguja au Pemba, andikeni hapa chini kabla ya siku hiyo, msitaje jina la mgonjwa wala la hospitali. Nitayachapisha yote niyaambatanishe na barua.