Naomba ushauri: mantiki ya modali na nadharia ya mpangilio, nianzie wapi?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, nafundisha hisabati kidato cha tano na sita, na usiku najisomea mantiki ya modali, ile ya "lazima" na "huenda".

Humo tunachora nukta (hali zinazowezekana), na nukta moja inaweza "kuiona" nyingine; "lazima p" ni kweli kwenye nukta ikiwa p ni kweli kwenye kila nukta inayoonwa nayo. Ukidai "ikiwa lazima p, basi p", kila nukta inajiona yenyewe. Ukiongeza "ikiwa lazima p, basi lazima kwamba lazima p", a ikiiona b na b ikiiona c, a inaiona c. Hayo ni masharti mawili ya mpangilio kama ≤. Ila sharti la tatu, kwamba nukta mbili zinazoonana ni nukta ileile, halina fomula ya kulidai! Uthibitisho wake mtamu sana: chukua namba asilia kwa ≤, peleka shufwa zote kwenye nukta moja na witiri kwenye nyingine, nukta hizo zikionana na kila moja ikijiona. Fomula yoyote iliyo halali kwenye namba asilia inabaki halali kwenye nukta hizo mbili, ilhali namba asilia zinatimiza sharti la tatu na nukta hizo hazilitimizi.

Sasa nataka kuifuata njia ya aljebra ya wanamantiki McKinsey na Tarski (1944). Nianze na latisi (mipangilio ambamo kila vitu viwili vina kikomo cha juu na cha chini) na aljebra za Heyting (latisi zenye "ikiwa... basi" ndani yake), au nimalize kwanza fremu za Kripke, yaani hizo nukta zinazoonana? Na kama kuna mtu Arusha au Moshi anayesoma haya, tuonane hata Jumamosi, nauli nitajilipia.