Mrejesho: pedi iliyokuwa inamfunika mwimbaji

Wakuu, niliuliza namna ya kutengeneza pedi nene ya sinthesaiza (sauti ndefu, laini, ya kujaza nyuma ya wimbo) kwa bongo fleva ya taratibu bila kummeza mwimbaji. Asanteni sana, imekubali!

Kwenye Vital (programu ya sinthesaiza) nimeweka oseleta (vizalisha sauti) mbili za wimbi la msumeno, moja juu senti 8 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni), nyingine chini senti 8. Filta inakata masafa kuanzia Hz 900 kwenda juu, na LFO (wimbi la kuyumbisha mipangilio) ya polepole mno inaisogeza. Ataki (muda wa sauti kupanda hadi kujaa) sekunde 2. Ila kilichomaliza kazi ni kukata riverbu (mwangwi) chini ya Hz 300, maana tope lote (mvurugo wa sauti nzito) lilikuwa humo. Chini kabisa nimelaza mvua ya mabati niliyorekodi kwa simu hapa Sinza. Mwimbaji kaomba biti ianze na pedi peke yake.