Koodineti za kiwanja Kange, Tanga: nazigeuzaje ziwe latitudo na longitudo?

MtotoWaNgamiani: Wakuu habari za mchana. Nina mchoro wa upimaji wa kiwanja cha marehemu babu huku Kange, wa zamani, una jedwali la bikoni (mawe ya mipaka), mfano E (mashariki) 505,6.. na N (kaskazini) 9,437,5.. (za mwisho nimeficha, mnawajua watu). Simu inazikataa, inataka latitudo na longitudo, nikapata kigeuzi mtandaoni nikachagua kanda 37 ya UTM (ule mfumo wa ramani unaogawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita) ikanitupa kwenye barafu huko ncha ya kaskazini. Na fundi anataka kuanza msingi. Msaada tafadhali.

Chuda_Boy: Eneo zuri hilo, friji hununui 😂

SeveaMstaafu: Kijana hizo ni mita, siyo digrii. Umechagua 37 kaskazini, sisi ni 37 kusini. Huku kusini N inaongezewa 10,000,000 isije ikawa hasi, na mstari wa longitudo 39, ulio katikati ya kanda, unapewa E 500,000. Hakikisha kwa mkono: 10,000,000 toa 9,437,500 zinabaki 562,500, yaani uko kilomita 562 na nusu kusini mwa ikweta, gawa kwa 110.6 (kilomita za digrii moja) ni 5.09. E ukitoa 500,000 zinabaki kama 5,600, hiyo ni 0.05 ya digrii mashariki ya 39. Basi andika -5.09, 39.05. Ukiacha hiyo alama ya kutoa utajikuta Ethiopia.

MtotoWaNgamiani: Shkamoo mzee, asante, sasa imekuja Kange kweli ila imeangukia kwenye nyumba za watu, kwetu ni kusini zaidi kama mita 300 hivi, na mjomba keshaanza kusema jirani kahamisha bikoni.

SeveaMstaafu: Marahaba. Mjomba amuache jirani wa watu. Mchoro wa zamani bila shaka ni Arc 1960, msingi wa zamani wa vipimo vya ramani huku kwetu, simu inasoma WGS 84, msingi wa GPS, na kwa huku kwetu hizo mbili zinapishana kama mita 300, hasa kaskazini-kusini. Chukua QGIS, programu ya ramani, ni ya bure, mchoro uupe namba 21037 (ndiyo Arc 1960 kanda 37 kusini), matokeo 4326 (ndiyo WGS 84 kwa latitudo na longitudo).

Pwani_Ramani: Ila asome kwanza pembeni mwa mchoro umeandikwa nini, kama ni WGS 84 tayari akigeuza tena ndo anauhamisha.

Dada_Chumbageni: Si apunguze tu 300 kwenye N yaishe?

SeveaMstaafu: Kwa kujua kiwanja kiko mtaa gani sawa, kwa msingi hapana mwanangu. Simu yenyewe inakosea mita kadhaa, chini ya miembe ndo kabisa. Ikufikishe tu, halafu fyeka majani utafute bikoni, zisipoonekana mpima mwenye leseni azirudishie ndo fundi avute kamba.

Kaole_One: Nadandia uzi, yangu ya Bagamoyo E inaanza na 489, haifiki hata 500,000, nimepigwa?

SeveaMstaafu: Hujapigwa. Bagamoyo iko magharibi ya 39. Ingeanza na 510 ndo ningekwambia nunua ngalawa.