Ushauri: Nataka akiba ya chakula na maji ya wiki mbili kwa watu sita, nianzie wapi?

Mama Wa Tatu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Naombeni mnisome mpaka mwisho, maana swali la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi.

Tuko sita nyumbani: mimi, mume wangu, watoto watatu (mdogo ana miezi mitano) na mama mkwe anayetumia dawa za presha. Tumepanga vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Miezi michache iliyopita mafuriko yalikata barabara na maji ya bomba yakapotea siku tisa. Siku ya pili tu tulikuwa hatuna maji ya kunywa. Nilimwona mama mkwe akisema hana kiu ili wajukuu wanywe, na midomo yake ilikuwa imekauka. Nikaapa jambo lile halitatukuta tena.

Mambo yalipotulia nikanunua gunia la mahindi, maharage na unga mwingi. Nikajaza pipa la lita 200 kwenye kibaraza. Leo hii mahindi yametobolewa na fukusi, unga unanuka, na ndani ya pipa kuna utelezi na viluwiluwi. Mume wangu anasema tumetupa fedha na tuache kabisa. Mimi siko tayari kuacha, ila naona sijui ninachofanya.

Naomba kujua: maji kiasi gani yanatosha, na yanakaaje bila kuharibika? Nafaka naitunzaje? Na la mwisho, jirani kanipa vidonge vya kuua wadudu wa ghalani, vile vya rangi ya kijivu. Vimefungwa kwenye karatasi, viko kabatini chumba cha watoto. Gunia liko mvunguni mwa kitanda chao. Niweke kidonge kimoja au viwili?

Nesi Wa Zamu

Dada yangu, usiweke hata kimoja. Na usimalizie kusoma ujumbe huu kabla hujawatoa watoto chumbani humo.

Kama ni vidonge vya kijivu vya kufukizia nafaka, kwa kawaida ni fosfidi ya alumini. Kikikutana na unyevu, hata ule uliomo hewani, kinatoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo inaua fukusi, na inaua binadamu vilevile. Haina dawa ya kuizima mwilini. Hospitalini tunachoweza ni kumsaidia mgonjwa apumue na moyo uendelee kupiga. Karatasi haizuii kitu, kwa hiyo huenda gesi imeshaanza kutoka. Wengine husikia harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usingoje harufu, kwa sababu gesi inaweza kukudhuru kabla pua haijaitambua.

Fanya hivi: wote watoke, fungua madirisha ukiwa njiani kutoka, usivishike kwa mikono, na usivimwagie maji wala kuvitupa chooni, maana maji ndiyo yanayoamsha gesi kwa kasi. Piga simu kikosi cha zimamoto waje kuvitoa. Mtu yeyote akiumwa kichwa, kutapika, kubanwa kifua au kuchoka ghafla, mpelekeni hospitali na mtaje jina la kidonge. Mwambie na jirani.

Mzee Wa Ghala

Naunga mkono kila neno la Nesi. Nimefanya kazi ya maghala miaka mingi. Vidonge hivyo hutumiwa na watu waliofunzwa, nje ya makazi, ghala likiwa limefungwa na hakuna mtu anayelala karibu. Nyumba ya kulala si ghala. Mengine nitayaandika binti yangu akituambia watoto wako salama.

Mama Wa Tatu

Tuko salama. Tulitoka wote tukakaa chini kwa majirani, zimamoto wakaja na vifaa vyao wakavichukua. Walituzuia kurudi mpaka nyumba ilipopitiwa na hewa kwa saa kadhaa. Watoto walikaguliwa, hawana tatizo. Jirani naye alikuwa navyo jikoni, vyake vimechukuliwa pia. Nesi, sina neno la kukulipa. Mikono bado inatetemeka ninapoandika.

Mzee Wa Ghala

Mungu ni mwema. Sasa tuongee nafaka.

Fukusi wako hawakutoka hewani. Mara nyingi huja na gunia lenyewe, mayai yakiwa ndani ya punje, huyaoni. Dawa yao nyumbani ni kuwanyima hewa. Tafuta mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida. Jaza, kamua hewa yote, funga kila tabaka peke yake kwa kulisokota na kulikunja. Wadudu wakimaliza oksijeni iliyobaki ndani wanaacha kula, kisha wanakufa. Usifungue fungue kuchungulia, kila ukifungua unawapa pumzi upya. Kwa kuwa nafasi yenu ni ndogo, hata ndoo au chupa za plastiki zenye mfuniko wa kukaza zinafaa, mradi ni kavu, zilibeba chakula na zimejaa hadi juu. Vyombo vidogo vina faida: ukifungua kimoja, vingine vimebaki vimefungwa.

Ila ukifungia nafaka mbichi umefungia ukungu. Pima hivi: weka nafaka kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina maji, irudishe juani juu ya turubai, si juu ya udongo. Ukungu ndio unaoleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kusinyaa usiwape watu, na usiwape kuku pia.

Gunia lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta. Liweke juu ya chaga, hewa ipite.

Fundi Wa Maji

Niseme kuhusu maji, kwa sababu hapo ndipo mlipokwama siku ya pili. Chakula kikipungua mtavumilia siku kadhaa. Maji hayana subira hiyo.

Kadiria lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi mdogo. Ninyi sita ni lita 24 kwa siku. Wiki mbili ni lita 336, yaani madumu 17 ya lita 20. Usianzie hapo. Anza na siku tatu: lita 72, madumu manne. Ukishazoea kuyatunza, ongeza.

Pipa la kibarazani liondoe. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo una kilo 200 zimening'inia ghorofa ya tatu. Madumu yapange ndani, kandokando ya kuta, yasirundikwe sehemu moja. Halafu pipa wazi ni hatari kwa mtoto anayejifunza kusimama. Mtoto huzama hata kwenye ndoo.

Dumu liwe lililobeba chakula au maji tu. Lililobeba mafuta ya taa, dawa ya shamba au sabuni halifai hata ulioshe mara kumi. Losha kwa sabuni, suuza, kisha changanya kijiko kimoja cha chai cha klorini ya kufulia isiyo na harufu katika lita moja ya maji safi, zungusha yaguse kila upande, ngoja nusu dakika, mwaga, suuza tena. Maji ya bomba yaliyokwisha kutibiwa jaza moja kwa moja. Ya mvua au kisima, chuja kwa kitambaa safi, kisha tia matone mawili ya klorini (yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9) kwa kila lita. Dumu la lita 20 ni matone 40, karibu mililita 2. Ngoja nusu saa kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope, dozi ni mara mbili. Soma lebo: yenye manukato au sabuni ndani yake usiitumie.

Andika tarehe kwenye dumu. Baada ya miezi sita yafulie au yadekie, ujaze upya. Maji hayapotei bure hata siku moja, mwambie shemeji.

Kijana Wa Mlimani

Fundi, klorini si sumu? Sisi tunachemsha tu.

Fundi Wa Maji

Kwa kipimo hicho haina madhara, mabomba mengi duniani yanatibiwa nayo. Kuchemsha ni kuzuri sana, na kunaua hata vijidudu vinavyoistahimili klorini. Yakitokota kweli dakika moja yanatosha. Ukiishi juu ya mita 2,000, dakika tatu. Shida ni mbili. Kuchemsha kunakula nishati mnayoihitaji kupikia, na maji yakishapoa hayana kinga: mkono mmoja mchafu ukiingia yamerudi kulekule. Ndiyo maana nasisitiza dumu la mdomo mwembamba au lenye koki, si ndoo ya kuchota kwa kopo.

Na kuhusu viluwiluwi: kumwaga maji hakutoshi. Mbu anayeeneza dengi hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, na mayai yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji. Sugua kuta za pipa kwa brashi.

Bibi Wa Jikoni

Mwanangu, unga ulikuharibikia kwa sababu ulinunua mwingi kuliko mnavyokula. Unga usiokobolewa una mafuta ya kiini, ndiyo yanayochacha. Hifadhi nafaka nzima au mchele mweupe, usage kwa kiasi.

Usitengeneze akiba ya pembeni ya kutazama. Nunua kile mnachokula kila siku, zidisha kidogo kila mara, kipya kiende nyuma, cha zamani kitoke mbele. Kwa kukisia: gramu 400 za nafaka, 60 za maharage, 25 za mafuta na 5 za chumvi kwa mtu kwa siku, ndiyo mizani inayofanana na mgawo wa kawaida wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watu sita siku 14 inakuja kilo 34 za nafaka, kilo 5 za maharage, lita mbili na robo hivi za mafuta. Si mlima. Ongeza sukari na vitu visivyohitaji moto, maana maharage ya zamani huwa magumu na hula kuni nyingi. Yaloweke usiku kucha. Kopo la bati lililovimba litupe bila kuonja.

Nesi Wa Zamu

Nyongeza chache. Mtoto wa miezi mitano anahitaji ziwa tu, si maji, kwa hiyo maji ya mama ndiyo maji ya mtoto, usijinyime. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja. Na siku ya dharura msipikie mkaa ndani mkiwa mmefunga madirisha, hewa yake inaua usingizini.

Dawa za presha za mama, mwombeni daktari awaandikie za wiki mbili zaidi, nazo zizungushwe kama chakula.

Mama Wa Tatu

Madumu manne yamejaa, mume wangu ndiye aliyeandika tarehe. Pipa tumelisugua, limeshuka chini kwa matumizi ya uani, lina mfuniko. Mahindi yenye ukungu nimeyatupa, yaliyobaki yako juani. Nimejaribu ile ya chumvi asubuhi: imeganda kwenye chupa. Nitajaribu tena keshokutwa. Daktari tuna miadi naye Jumatatu.

Mzee, ndoo niliyonayo ilibeba mafuta ya kupikia. Inafaa kwa nafaka?

Mzee Wa Ghala

Inafaa, binti. Osha kwa maji moto na sabuni mpaka isiteleze tena, ianike wazi siku mbili juani. Ukinusa ukasikia mafuta yaliyochacha, rudia kuiosha.