Mjadala: Je, sinema humwakisi chotara au humfinyanga?

Wenzangu wengi wameshikilia kwamba sinema ni kioo tu, kwamba chotara anateseka filamuni kwa sababu anateseka duniani. Mimi napinga. (Natumia neno "chotara" nikijua wapo linaowaudhi. Mwenye neno bora alilete, nitalipokea.)

Kioo hakichagui cha kuonyesha. Hollywood ilichagua. Kanuni ya Hays, yaani kanuni za maadili ambazo studio za Hollywood zilijiwekea, iliyoanza kubana kwelikweli mwaka 1934, ilikataza filamu kuonyesha mapenzi kati ya Mweusi na Mzungu, na katazo hilo likadumu hadi 1956. Hebu pimeni uzito wake: mtoto ruksa kuonekana, wazazi wake marufuku kuonekana wakipendana. Basi mtoto akawa anaingia kwenye hadithi kama aliyeokotwa, kabeba aibu ambayo hakuna anayeeleza imetoka wapi. Katika filamu ya Imitation of Life ya 1934, Peola, binti mwenye ngozi nyeupe, anamkana mama yake Mweusi ili apite kama Mzungu, yaani watu wamdhanie Mzungu. Baba haonekani hata mara moja. Mtazamaji alitoka pale akiamini uchungu wa binti yule umo katika damu yake, wala si katika sheria za nchi.

Peola aliigizwa na Fredi Washington, Mweusi ambaye angeweza kupita kama Mzungu na akakataa katakata. Filamu iliporudiwa mwaka 1959, nafasi hiyo alipewa Susan Kohner, asiye na asili ya Kiafrika. Miaka kumi kabla, filamu ya Pinky ilikuwa imempa Jeanne Crain, Mzungu, nafasi kama hiyo. Wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar. Wakati huohuo Merle Oberon, mwigizaji chotara, mzaliwa wa Bombay mwenye damu ya Asia Kusini, alidai kazaliwa Tasmania ili asipoteze kazi. Chotara halisi alijificha apate riziki, Wazungu wakasifiwa kwa kuigiza kujificha kulekule. Jambo hili linaniuma.

Mtasema hayo ni ya zamani, sasa tuna Belle ya 2013, filamu kuhusu binti chotara, iliyoongozwa na Amma Asante. Ni kazi nzuri, naipenda. Lakini hata humo mama ameshafariki hadithi inapoanza, na baba anamwacha binti kwa ndugu zake, anarudi baharini.

Kwa hiyo nyie wa kioo, nitajieni filamu ambayo chotara ana wazazi wote wawili, wako hai, wanapendana, na kisa chenyewe hakihusu rangi yake.