MREJESHO: Sukari ya mama iliyokuwa inashuka usiku

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini mama, hapa Moshi, anatetemeka na kulowa jasho usiku ilhali dozi yake ya insulini ni ileile, yuniti 14.

Aliyeniambia nikague mistari ya bomba la sindano, Mungu akubariki. Bomba la zamani la ml 0.5, mstari mmoja ni yuniti 1. Jipya la ml 1, mstari mmoja ni yuniti 2. Mama alihesabu mistari 14, kumbe anajichoma 28! Kliniki wamethibitisha, tumerudi kwenye la ml 0.5. Chupa na bomba vyote U-100 (yaani yuniti 100 kwa kila ml 1).

Kioo cha kukuzia hakikusaidia, macho yamechoka; mdogo wangu ndiye anamvutia dawa. Wiki ya pili sasa, hajatetemeka.